Lazarus Muthama na Ng'ombe wa Mstari wa Tisa

Bwana Lazarus Muthama anastaafu tarehe 31 Oktoba 2008, baada ya miaka kumi na minane katika ofisi ya kumbukumbu ya Ushirika wetu wa Wafugaji wa Enkutoto, hapa Kitengela. Alianza kazi mwaka wa 1990 akiwa na kalamu, daftari jeusi na sweta ya kijani ambayo tunaomba istaafu pamoja naye.

Kazi yake ilikuwa kuandikisha mifugo iliyopotea na kupatikana. Kila mnyama aliandikwa rangi yake, umri na chapa ya pajani, maana hapa Kajiado chapa ndiyo kitambulisho cha ng'ombe. Kompyuta ilipofika mwaka wa 2001, wengi wetu tulikimbia. Yeye, na miaka yake arobaini na minane, alijiandikisha kwa masomo ya Jumamosi, akaketi na vijana waliotoka Form Four juzi. Kufikia 2004 alikuwa ametutengenezea ukurasa wa wavuti wenye jedwali la wanyama wote walio katika zizi letu la Kisaju. Mtu akiwa kwenye saiba, duka la intaneti, kule Nkoroi au Kimuka aliweza kuangalia kama ng'ombe wake amepatikana, bila kupoteza siku nzima barabarani.

Aliandika pia programu ndogo. Mwenye mnyama akimchukua, Bwana Muthama aliingiza namba ya mstari, na programu ikaandika pale kwamba amechukuliwa, na nani. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka ule ukame wa 2006.

Wiki moja ya ukame huo Bwana Yonis, mfanyabiashara wa mifugo, alichukua fahali wake. Bwana Muthama akaandika kwenye karatasi: mstari wa tisa. Lakini kabla hajaingiza namba, wanyama wawili wapya waliongezwa juu ya jedwali, na wote waliokuwa chini wakashuka mistari miwili. Mstari wa tisa sasa ulikuwa wa ng'ombe wa maziwa wa Mama Kalekye, mjane aliyekuwa na huyo mmoja tu. Alipoingiza tisa, programu ikaandika kwamba ng'ombe huyo amechukuliwa na Yonis.

Siku tatu baadaye mama alifika ofisini akilia, akitaka kujua kwa nini Yonis amechukua ng'ombe wake. Yonis naye akaitwa, watu wakajaa mlangoni, neno mwizi likaanza kutajwa. Na saa nane mchana huo, wanyama waliokosa wenyewe walikuwa wanapigwa mnada Kisaju. Dalali hasomi wavuti. Anauza anachokikuta zizini.

Bwana Muthama alifungua ukurasa, akahesabu mistari kwa kidole, akasimama. Aliwaambia wote kwamba Yonis hana kosa, kompyuta haina kosa, aliyekosea ni yeye, na ng'ombe wa mama bado yuko zizini. Akamwomba Yonis msamaha mbele ya watu. Yonis, hasira bado ziko usoni, aliwapakia Bwana Muthama na Mama Kalekye kwenye pikapu yake mpaka Kisaju. Walimkuta ng'ombe ameshafungwa kamba, wa pili kwenye foleni. Mungu ni mwema!

Kesho yake aliiandika programu upya. Kila mstari aliupa sifa iliyofichwa ndani ya ukurasa, akaiita chapa, na thamani yake ikawa chapa ya mnyama mwenyewe. Programu ikawa inapita mstari kwa mstari ikikagua sifa hiyo, inasimama tu inapopata ile iliyoagizwa. Uongeze wanyama juu, chini au katikati, haijali. Hatujakosea mnyama tena. Bi. Sharifo, anayeshika kazi yake, ameshafundishwa yote, na anasema mzee hana mchezo.

Kamati ilimpa barua ya onyo kwa kosa lile. Aliipokea, ikakaa kwenye faili lake mpaka leo.

Sasa wacha niseme. Wale wanyama wawili niliwaongeza mimi, Phylis Nzula, karani mwenzake, saa ya chai, na sikumwambia. Alijua, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa kwenye daftari. Hakunitaja siku ile, wala miaka hii miwili.

Mzee Muthama, nisamehe. Asante kwa kazi, na asante kwa kuninyamazia. Sisi sote tunakuombea afya, usingizi mzuri na furaha nyumbani kwako Masii. Ile barua nimeiomba kamati iihamishie kwenye faili langu.