Gaspard Byamungu, Mpika Sabuni Aliyeandika Uchafu Wake Mlangoni

Wapendwa wafiwa, majirani, na nyinyi wateja mliokuja mkinukia kazi ya mikono yake: mimi ni Lisette, mdogo wake wa mwisho. Nimepewa kusoma maisha ya kaka kwa sababu watoto wake wanalia. Mimi nitalia baadaye.

Gaspard alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Uvira, wa tatu kati yetu saba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, na sekondari alikaa miaka miwili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko hesabu zake, na tangu hapo akaamini kwamba kitu kikiandikwa vizuri basi ni kweli.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Patricia. Katika barua ya posa alimwahidi nyumba ya ghorofa. Shemeji bado anaisubiri, na barua anayo.

Vita vya 1996 viliwaleta Bujumbura. Kaka alikoroga sabuni katika kiwanda kimoja cha Zone Industrielle kwa miaka kumi na miwili, kisha mwaka 2009 akafungua karakana yake hapa Cibitoke, akipika sabuni ya mawese.

Mwaka 2021 alitoka kwenye semina akisema wateja wa siku hizi wanataka mazingira. Kesho yake alipaka kijani mlango, baiskeli na sufuria ya shemeji. Mbwa alinusurika kwa mbio zake. Juu ya mlango akatundika kibao: "Sabuni ya Kijani, Haichafui Kitu." Ukweli wake ulikuwa mmoja tu: alipika kwa briketi za pumba za mpunga, hakuchoma kuni. Yaliyobaki yalikuwa rangi.

Ndipo Mama Fatouma wa Buyenzi, mteja wake wa zamani, alipozunguka nyuma ya karakana na kuuliza, "Gaspard, na hii mayi ya povu inaendaka wapi?"

Maji hayo yalikuwa yanakwenda mtaroni. Jioni ile kaka hakula, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Asubuhi alishusha kibao na kuandika kingine: "Tunapika kwa briketi, si kuni. Maji yetu machafu bado yanaingia mtaroni. Tunachimba mashimo ya kuyachuja. Njoo uone."

Shemeji alisimama mbele ya kibao kile akamwambia, "We, mutu gani anaandikaka makosa yake ku mulango? Watoto watakula nini?"

Aliuliza vizuri. Wiki tatu hakuuza hata kipande, na karakana ilikuwa karibu kufungwa. Wiki ya nne Mama Fatouma alirudi na wanawake kumi na mmoja. Walichungulia shimo la kwanza, wakanusa, wakakunja nyuso. Halafu Mama Fatouma akasema, "Wengine wote banasema beko safi. We peke yako umetuonyesha uchafu. Nipe katoni mbili." Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mlango ulikuwa wazi kwa wateja, na kaka alibadilisha maneno ya kibao kulingana na kazi iliyokwisha kufanyika, bila kuongeza hata nukta.

Sukari ilimpata mwaka 2022, na Februari mwaka huu figo zikachoka. Jumanne tarehe 10 Juni, fundi Anouar, anayetuchimbia mashimo, alimletea hospitalini chupa ya maji kutoka shimo la tatu, ili tuandike hatimaye kwenye kibao kwamba maji yetu ni safi. Wote tulitaka aondoke na furaha hiyo. Kaka aliomba ainuliwe, akaitikisa chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Bado iko na povu," akasema. "Musiandike."

Alituacha Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne. Nilimpenda sana, hata alipokuwa anachosha.

Ameacha mjane, Patricia, watoto watatu, Trésor, Gaëlle na Prodige, wajukuu watano, na sisi ndugu zake wanne tuliobaki.

Wateja wetu, familia inawatangazia kwamba maji bado yana povu kidogo. Kaka, pumzika sasa. Jumamosi tunaendelea kuchimba.