Aliyemtazama Bibi Chumvi

Wewe unayebetua mdomo kabla hujasikia, ubetue, ukichoka uurudishe mahali pake. Kama huamini kaa kimya. Kutoamini hakuhitaji kelele. Haya yalitokea mchana kweupe, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa Shangazi, anayeuza kahawa mlangoni kwake na ambaye ulimi wake umeshawarudisha askari wa manispaa walikotoka. Siku hiyo, kabla wateja hawajafika, Shangazi alitia chumvi kwenye birika, konzi nzima, akakoroga, akakaa kuwangoja.

Sababu anayo. Pindo, fundi cherehani wa kona ile, anamtaka mtoto wa kaka yake Shangazi, yule binti wa duka la dawa aliyemlea mwenyewe tangu baba mtu azikwe. Shangazi hana ugomvi na sura ya Pindo. Ugomvi wake ni kesho. Gauni la Shangazi limekuwa likimaliziwa “kesho, bado vifungo tu” tangu mvua za mwaka jana. Akasema, mwanangu simpi mtu wa kesho, mpaka aende ufukweni akamtazame Bibi Chumvi usoni.

Bibi Chumvi ni sanamu mpya pale ufukweni, ya yule mwanamke wa hadithi za kisiwa cha ng'ambo. Mumewe alimwambia “narudi kesho.” Hakurudi. Mke akaingia majini kumngoja, akalia mpaka bahari ikakolea chumvi. Amewapa watu kisogo, uso kauelekeza kisiwani. Kumwona sharti uingie maji ya magoti. Wanasema mwongo akikutana naye jicho kwa jicho, kila atakachokitia kinywani kinageuka chumvi mpaka aseme kweli. Shangazi alishakwenda na kina mama wenzake, akarudi akisema amemwona, basi. Tangu siku hiyo anamgombeza binti kwamba maharage yamezidi chumvi.

Sasa Pindo karudi, na mashahidi wawili: Wembe kinyozi na Spoku fundi baiskeli. Shangazi akawamiminia.

— Haya, fundi. Ulimtazama?

— Nilimtazama, Shangazi. Jicho kwa jicho.

— Kunywa kahawa.

Pindo akapiga funda. Macho yakamtoka. Koo likapanda, likashuka, likakwama kama sindano iliyokutana na kifungo.

— Ikoje?

— Nzuri, Shangazi. Nzuri... ya kutosha.

Wembe akanywa, akakohoa, akasingizia vumbi. Spoku akanywa, akachungulia kikombe kama anatafuta pancha.

— Na nyie?

— Leo umeipatia, — akasema Wembe, machozi yakimlengalenga.

Shangazi aliuma ncha ya mtandio asicheke.

— Basi nielezeni. Uso wake ukoje?

— Una huzuni, — akasema Pindo.

— Huzuni wapi! — Wembe akadakia. — Anacheka, meno yote nje. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo maana akatuchekea. Mimi nilikuwa karibu kabisa. Ningekuwa na mkasi ningempunguza hapa pembeni.

— Msimdanganye mama wa watu, — akasema Spoku. — Yule alikuwa anageuza shingo. Tukienda kulia, naye kulia. Mle shingoni mna gololi, nilizisikia. Zinataka grisi.

— Akanikonyeza, — akasema Wembe.

— Akukonyeze wewe! Mimi aliniita kwa jina.

— Jina lipi? — Shangazi akauliza.

— Spoku.

— Bibi wa enzi za mababu anakujua wewe Spoku?

— Haba na haba hujaza kibaba, Shangazi. Umaarufu ndivyo unavyoanza.

— Tena akamshika Pindo mkono, — Wembe akaongeza, maana mwongo haachi mwenzake amtangulie. — Akamwambia, mjukuu wangu, yule binti wako huyo. Kamwambie shangazi yake apunguze ukali.

— Alisema hivyo?

— Mimi shahidi.

— Na mbona viatu vyako vikavu hata vumbi halijalowa?

Wembe akavitazama viatu vyake kana kwamba vimemsaliti.

— Maji ukiyavulia nguo... — Spoku akaanza. — Sasa sisi tulivua.

— Mlivua nini?

— Vyote, Shangazi. Methali haichagui.

— Vizuri. Nawaongeza kahawa.

Wakasema wameshiba.

— Kahawa haishibishi, — akasema, akawajazia mpaka ukingoni. Pindo alikuwa akitoka jasho kama aliyekalia pasi.

Ndipo binti akatokea, bado na koti lake jeupe la dukani. Hakusalimu sana. Akachukua kikombe mkononi mwa Pindo, akaonja, akatema pembeni.

— Nani katia chumvi kwenye kahawa?

Wembe akatazama juu, Spoku akatazama chini.

— Hata wewe unaionja chumvi? — Pindo akauliza.

— Kwa nini nisiionje? Hii ni bahari tupu!

— Sikumtazama! — Pindo akaropoka, akidhani chumvi ya uongo wake imeshamfikia na binti. — Shangazi, sikumtazama. Nilikunja suruali, maji yakafika kwenye kifundo, nikalikumbuka gauni lako. Sijalikata, Shangazi. Kitambaa kiko vile vile ulivyokileta. Nikaogopa nitakula chumvi mpaka kaburini, nikatoka. Na hawa hata ngazi za ufukweni hawakushuka, walibaki barabarani.

— Tulilinda baiskeli, — akasema Spoku.

Shangazi akamtazama fundi kitambo. Aliyesema kweli kwa kuogopa chumvi si malaika, lakini amesema, tena mbele ya binti anayemtaka.

— Kitambaa unakikata lini?

Pindo akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

— Leo.

— Kikishakuwa gauni, waambie wazee wako nipo nyumbani.

Pindo akataka kupiga magoti, akakumbuka kikombe. Binti akacheka, kisha uso ukamkunjamana.

— Kumbe chumvi uliitia wewe, Shangazi.

— Birika la nani?

— Lako. Na maharage?

— Maharage yamefanya nini?

— Uliponigombeza mara ya kwanza niliacha kutia chumvi. Mpaka leo sijatia hata chembe, na kila siku unasema imezidi. Shangazi, kwani wewe una uongo gani?

Wembe na Spoku wakageuza shingo kumtazama Shangazi, polepole, pamoja. Hata Pindo akasahau harusi yake.

Shangazi akainuka, akanyanyua birika. Lilikuwa bado zito.

— Kahawa imekwisha, — akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.