Alama Nyekundu

Mkunga alipogundua kwamba jirani yake kwenye basi ndiye mkaguzi aliyeipa zahanati yake alama nyekundu, alijiweka sawa kitini kama aliyeletewa chai.

"Mama, wajawazito wenu hawamalizi mahudhurio manne ya kliniki," mkaguzi alijitetea. "Alama yenu isipopanda, muuguzi wenu wa pili anahamishwa."

"Wanamaliza, baba. Waliovimba miguu nawapima nyumbani kwao."

"Fomu inahesabu wanaoingia mlangoni tu."

"Basi kesho nang'oa mlango, nizunguke nao kichwani!" Abiria wa nyuma wakaangua kicheko. "Hebu niambie, wewe mama yako alihudhuria mara ngapi akiwa na mimba yako?"

"Sijui."

"Loo! Na ukaguzi wote huo!"

Basi likasimama. Mkaguzi akashuka, simu sikioni: "Shikamoo mama. Samahani, nina swali..."

Mkunga akafungua dirisha, akatega sikio.