Mzee Hodi Aziachia Seva Zake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha seva cha hospitali yetu, Mzee Hodi anastaafu. Aliingia akiwa na nywele nyingi na kompyuta mbili. Anaondoka akiacha kompyuta chumba kizima, na nywele tusizitaje.

Jina hilo tulimpa sisi wa mapokezi, kwa sababu hajawahi kuuamini mlango ulio wazi. Kwenye seva, mtumiaji wa kawaida akitaka kufanya jambo zito, kama kuweka programu mpya, lazima kwanza aazime mamlaka ya mkuu wa mashine. Wengi huazima kwa chombo kiitwacho sudo. Mzee hakukipenda, alisema kina masharti mengi kuliko mama mkwe. (Mama mkwe wangu akisoma hapa, ajue si yeye.) Mzee alikipenda doas, chombo kidogo cha kazi hiyohiyo, ambacho kanuni zake zinaenea kwenye mistari mitatu. Alivyokuwa akikisifia, fundi wetu wa nyaya, ambaye sasa ni mume wangu, jamani, alisema, "Huyu akimsifia mkewe nusu ya hivyo, kwake hakuna ugomvi."

Mwaka jana hospitali ikaleta programu ya kuendesha seva zote kwa mpigo. Unaiandikia kazi mara moja, nayo inapita mashine moja baada ya nyingine ikitekeleza. Bosi akamwambia Mzee bila kuzunguka: programu ikiweza kufanya kazi peke yake kwa hicho kidoas chako, utastaafu kwa wakati. Isipoweza, tunakuongezea miaka miwili, maana hakuna mwingine anayekielewa.

Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa ameshafunga mizigo wahamie karibu na binti yao aliyejifungua mapacha. Akapiga simu mapokezi: "Mwambieni huyo babu yenu, mimi mwisho wa Juni nasafiri. Akitaka kubaki na masanduku yake yanayonguruma, abaki, yamkande mgongo!"

Mzee akaingiwa na haraka, na haraka haina baraka. Aliiamuru programu iondoe sudo kwenye mashine zote, kisha iweke doas. Hatua ya kwanza ilitekelezwa kwa bidii ya kutisha. Ya pili ikagoma, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa ikiazima mamlaka kwa sudo ileile iliyotoka kuifuta. Mtu akikata tawi alilolikalia, angalau huanguka peke yake. Mzee alianguka na seva zote. Wagonjwa hawakuhisi kitu, mashine ziliendelea na kazi, ila hakuna aliyeweza kuzibadilisha hata nukta. Zilibaki raia watupu, bila serikali.

Basi akapakia skrini na kibodi kwenye toroli la chai, akazipitia seva moja moja kwa mkono, akiingia papo hapo kama mkuu wa mashine na kuweka doas. Mimi na fundi wa nyaya tulisukuma. Jamani, kama hujampenda mtu mkiwa nyuma ya toroli lenye gurudumu bovu, bado hujapenda. Mzee, ndoa yetu ina mkono wako!

Doas ikakaa, lakini programu bado ilikwama. Kanuni za Mzee zilidai nenosiri kila mara. Doas inauliza, programu haielewi kuwa imeulizwa, wanasubiriana kama wapenzi walionuniana. Dawa ilikuwa neno moja, nopass: akaunti ya programu, na hiyo tu, ipite bila kuulizwa. Mzee akakataa katakata. "Leo hiyo, kesho mtang'oa na milango!" Bosi naye akaandaa mkataba wa ile miaka miwili.

Mume wangu ndiye aliyemlainisha. "Mzee, kumruhusu mmoja unayemjua si kuacha mlango wazi. Ndiyo ndoa hiyo."

Mzee akatutazama. "Nyie wa wiki tatu, mnajua nini?" Lakini akaandika.

Alhamisi iliyopita, mbele ya bosi, programu ilizipitia seva zote kwa doas bila kukwama hata mara moja. Kazi ya mwisho Mzee alikuwa ameipanga mwenyewe: kuifuta akaunti yake. Kisha akajaribu kuingia. Seva ya kwanza ikamkatalia, ya pili ikamkatalia, ya tatu ikamkatalia, naye akapiga makofi kama kijana aliyekubaliwa posa. Bosi akauchana mkataba. Mzee akampigia Mama simu palepale: "Mke wangu, wote wamenifukuza. Nimebaki na wewe tu."

Mzee, asante kwa kutulindia majina, vipimo na siri za wagonjwa miaka yote hii. Nenda ukaamshwe na vilio vya mapacha badala ya simu zetu, na maisha yenu, wewe na Mama, yawe matamu hadi majirani waone wivu.