Marehemu Garama Dena Tsuma na Mashine Aliyoiacha Ikiwaka

Mchungaji wetu, wazee wa mji, kina mama mliolala chini hapa tangu juzi, wafanyakazi wenzake marehemu mliotoka Malindi na Mombasa, majirani na watoto, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Jefwa, kaka yake Hannah, mjane wetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya shemeji yangu, nami nitajitahidi nisome bila kukatika, mkiona nimenyamaza mnivumilie.

Marehemu Garama Dena Tsuma alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa hapa Adu, mtoto wa nne wa mzee Dena Tsuma na mama Nyevu, na wa kwanza kuishi, kwa kuwa watatu waliomtangulia walifariki wangali wachanga, na ndiyo sababu mama yake hakumruhusu hata kwenda kisimani peke yake. Waliomlea wanasema alikuwa mtoto mwoga, na mimi sitaficha mbele ya jeneza lake, alibaki mwoga mpaka utu uzima, aliogopa maji, aliogopa radi, alimwogopa beberu wa jirani, na kabla ya kulala ilikuwa lazima arudi tena kuuangalia mlango alioufunga mwenyewe. Chekeni tu, hata yeye alikuwa akicheka. Lakini mwaka 1961 nyumba yao ya makuti iliteketea mchana kweupe watu wakiwa shambani, hakikuokolewa hata kijiko, na mama yake alisema kwamba tangu siku ile Garama hakuamini tena kuwa kilichopo leo kitakuwepo kesho.

Alisoma shule ya msingi hapa Adu kuanzia 1960 hadi 1966, akaendelea na sekondari Malindi kuanzia 1967 hadi 1970, na mwezi Januari 1971 akachukuliwa na ofisi ya simu, akapelekwa Nairobi kufunzwa ufundi, akarudi Malindi mwaka 1973 akiwa fundi wa mitambo, kazi aliyoifanya mpaka siku alipoanguka. Wenzake wa ofisini wameniambia kwamba hakushika waya kabla ya kuuliza kama umeme umezimwa, akajibiwa, akauliza tena, akaenda kuangalia mwenyewe, na vijana walimtania sana kwa hilo, ila katika zamu zake hakuumia mtu.

Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na dada yangu Hannah katika kanisa letu la Malindi. Siku ya posa alifika kwetu na wazee wake tangu asubuhi, na kila wazee walipomkonyeza aingie kwenye jambo lililowaleta, yeye akazidi kueleza habari za antena, hata baba yetu akamuuliza waziwazi kama amekuja kuoa au kuuza redio. Mungu akawajalia watoto watatu, Dena aliyezaliwa 1979, Nyevu 1982, na Tsuma 1985, ambao mnawaona pale karibu na mama yao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu huko kwenye mikeka, na watu wakaongeza chumvi, wengine wakasema marehemu alikuwa na kitu chumbani ambacho hakitakiwi kuguswa, nami naona nilieleze lote ili lisigeuzwe uchawi. Mwaka 1986 hoteli moja pwani ya Malindi ilifungwa na vyombo vyake vikauzwa, na Garama akajinunulia kompyuta iliyokuwa ya mapokezi. Mwaka uliofuata, Nyakio, mhandisi wa simu aliyejuana naye katika mafunzo Nairobi, alimpatia programu kuu ya kuiendeshea, iliyoandikwa na watu wa vyuo vya ng'ambo, na uzuri wake ni kwamba wenyewe hawakuifungia, waliitoa pamoja na maandishi yake yote, mstari kwa mstari, ili yeyote anayeweza aisome, airekebishe, na awarudishie alichokiongeza, kiwafae wengine. Garama alipolisikia hilo alimwambia Hannah kwamba hajawahi kuona watu wakiacha mlango wazi namna hiyo.

Shida ilikuwa disketi. Ni sahani nyembamba katika mfuko wa plastiki, humo ndimo programu hukaa, na kompyuta ile ilirudi kuisoma disketi kila ilipoambiwa jambo, nayo hewa yetu ya chumvi na masika mnaijua, disketi zilishika ukungu kama mkate, na kifaa cha kuzisomea kikazitafuna moja baada ya nyingine. Basi Garama akaanza kuiandikia ile programu kuu kipande chake kipya, ambacho kingetenga sehemu ya kumbukumbu ya mashine na kuifanya itumike kana kwamba ni diski, ili kila kitu kisomwe mara moja tu asubuhi, kisha kikae humo ndani, na disketi ipumzike. Alikiandika jioni baada ya kazi, miezi ishirini na zaidi, mara mashine inaganda, mara inakataa, mara anatoka chumbani anasema basi, ameacha, na kesho yake Hannah anamkuta pale pale.

Lakini kumbukumbu ya mashine ni umeme mtupu, umeme ukienda, vyote vilivyomo vimekwenda, na mtu aliyeunguliwa na nyumba akiwa mtoto alikuwa anajenga nyumba nyingine inayoweza kutoweka kwa kufumba na kufumbua. Jamani, hofu aliyokuwa nayo! Taa ikipepesa tu, kijiko kilimtoka mkononi. Akafunga betri mbili za gari chini ya meza, pamoja na kifaa alichokiunda mwenyewe, ili umeme ukikatika zishikilie kidogo, kama nusu saa hivi, na hata hapo hakutulia.

Alhamisi tarehe 8 Juni, mchana, alimpigia Nyakio simu akiwa ofisini, akamwambia imekubali, kipande kimekamilika, tena kwa kukijaribu ameyaweka maandishi yake yote ndani ya diski ile ile ya kumbukumbu na yanasomeka, ila disketi zote zilizobaki zimekataa kuandikika, kwa hiyo ameiacha mashine ikiwaka mpaka apate mpya kutoka Mombasa, na anaogopa. Nyakio anasema alitumia neno hilo hilo, kwamba anaogopa. Jioni ile ile alianguka nyumbani, mbele ya meza ya mashine, kiharusi kikamkamata upande wa kulia na kumnyima usemi, akakimbizwa hospitali Malindi, na kesho yake akapelekwa Kilifi.

Pale Kilifi alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea taa ya darini, ananyoosha, unaanguka, ananyoosha tena. Muuguzi, kwa huruma yake, alidhani mwangaza unamuumiza macho, akaizima, na Garama akalia kwa sauti ambayo Hannah anasema hatakaa aisahau, machozi yakamtiririka hadi masikioni, wakaiwasha akatulia, kisha mkono ukaanza upya. Ilikuwa hivyo mpaka Jumapili, ndipo Hannah alipomtazama machoni, akakumbuka mashine aliyoiacha ikiwaka. Alimwinamia akamwambia, Baba Dena, haijazimwa, na yeye mwenyewe hakujua kama ni kweli.

Alipanda gari la kurudi Malindi roho juu, akafungua chumba, akaikuta inawaka. Bi Mwanabibi Awadh, mwenye nyumba wao, mzaliwa wa Mambrui, ndiye aliyebaki na ufunguo, na hakuruhusu mtu aingie. Jumatatu Hannah akampigia simu Nyakio, naye akasema atakuja na disketi mpya, ila zilikuwa adimu hata Nairobi, akahangaika kuzipata, na kabla hajapanda basi, asubuhi ya Jumatano tarehe 14 Juni, mwaka huu wa 1989, Garama alikata roho. Hannah alikuwa ameushika ule mkono wa kushoto, na anasema mpaka dakika ya mwisho ulikuwa unamvuta kwenda juu. Ndugu zangu, shemeji yangu hakufa usingizini, alikufa akiogopa, na hilo ndilo limetuumiza kuliko yote.

Alhamisi msiba ulikuwa umejaa nyumba ya Malindi, na mnajua desturi yetu, nyumba ikiwa na msiba hapapigwi kelele, redio inazimwa, kila kinachovuma kinanyamazishwa. Kahonzi, shangazi yake marehemu, ambaye ndiye aliyembeba Garama mgongoni kwa ubeleko, alipita chumba hadi chumba akifanya hiyo heshima, akaizima redio, akaizima feni, akasikia mvumo nyuma ya mlango, na siku hiyo mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya kutoa viti. Bi Mwanabibi alimkuta mkono uko kwenye swichi ya ukutani. Hakusema shikamoo wala hodi, alimrukia akamkamata kifundo cha mkono, wakabaki wakishikana, wazee wawili, mmoja anasema mtoto wangu amekufa na dude hili linanguruma, mwingine anasema huyo mtoto wako ndiye yumo humo, mwenzangu, usimzime. Shangazi akakaa chini akalia, na Bi Mwanabibi akakaa naye, mgongo kwenye mlango, na hapo hakupita hata paka.

Nyakio alifika alasiri akiwa na vumbi la safari, hakunywa hata maji. Alipokuwa katikati ya kunakili, umeme wa Malindi ukakatika, nyumba nzima ikapiga ukelele, na zile betri za chini ya meza zikaishikilia mashine mpaka disketi mbili zikajaa. Lakini Nyakio akasema hilo halitoshi, kwamba kuna njia moja tu ya kujua kama kazi imeokoka, nayo ni kuizima mashine na kuianzisha upya kwa disketi mpya. Hannah akakataa. Alikataa kwa kichwa, kwa mikono, akasimama mbele ya meza, akasema yeye aliyeilinda wiki nzima hawezi kuwa ndiye wa kuizima. Tulisubiri, na umeme uliporudi, yeye mwenyewe ndiye aliyeinama akaizima, kisha akaziba uso kwa kanga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi na Kilifi, na yule muuguzi wa taa asijilaumu, alitenda kwa wema. Tunawashukuru wafanyakazi wa ofisi ya simu kwa jeneza na kwa lori, majirani wote, Bi Mwanabibi ambaye amesafiri hadi Adu na mguu wake mbaya, shangazi Kahonzi, kanisa, wapishi, vijana mliochimba kaburi, na Nyakio, ambaye kesho anarudi Nairobi kuwatumia wale watu wa ng'ambo kazi ya shemeji yangu, ikiwa na jina lake juu.

Mwisho, Hannah ameniomba nisome maneno haya nikilielekea jeneza, kwa kuwa alimwambia marehemu haijazimwa na hakuwahi kumwambia lililofuata. Garama, tuliizima. Ikawa giza kabisa. Kisha Nyakio akaweka disketi, mashine ikasoma, ikasoma, na diski yako ikajitokeza, na maandishi yako yote yamo, mstari kwa mstari, hakuna uliopotea. Kwa hiyo shusha mkono, Baba Dena. Umeme na uende ukitaka. Lala, shemeji yangu, lala bila hofu.