Wakornelio Elfu Kumi

Sikilizeni, Brandon na Nasimiyu, maana kifua hiki hakinifikishi Ijumaa, na wewe Brandon weka hiyo simu chini.

Jana uliniletea hapa kitandani, katika chumba hiki cha mtaa wa Najma, ughaibuni huku, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu, umekiinua juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi: Owen Cornelius. Wekesa umemfuta. Ukanifundisha mimi, niliyekaa seminarini miaka sita na Kilatini kabla ya kuja kuendesha magari ya watu huku, kwamba Kornelio ni ukoo wa watawala wa Roma. Takataka hiyo uliiokota wapi? Watawala walikuwepo, ndiyo, lakini jemadari mmoja wa ukoo huo aliwaua mahasimu wake, akawaacha huru watumwa wao elfu kumi, akawapa wote jina lake ili wamtii, kwa kuwa desturi ya Warumi ilikuwa hiyo, mtumwa aliyeachwa huru kubeba jina la ukoo wa bwana wake mpaka kaburini. Hilo ndilo unalowaringia wauguzi!

Na usidhani nakudharau wewe peke yako. Baba yangu, Wekesa, alitembea miguu mitupu kutoka Kimilili mpaka seminari akiniletea kuku, na padre mlezi akaniuliza, "Kornelio, huyu ni nani?" Nikajibu, "Ni mtu wa kijijini kwetu tu." Mzee alisikia. Akamweka kuku chini, akasema, "Ndiyo, padre, mimi ni jirani," akaondoka. Alikufa kabla ya likizo.

Basi Brandon, kesho kaanze kurekebisha cheti, na wakikuzungusha, zunguka. Nasimiyu, kamusi yangu ya Kilatini ni yako, kwa sababu hujawahi kujifanya unaielewa. Shamba la Kimilili mgawane sawa, na nisisikie huko niliko kwamba dada mtu aliambiwa akatafute la mumewe. Mwili wangu usibaki huku. Nilazeni kando ya yule jirani.

Sogea, Brandon... karibu zaidi, sauti inanitoka. Mdomo uliokutukana ndio... unaokubariki. Mungu akupe mtoto ambaye, ukifika mlangoni kwake umechakaa, na wakubwa wake wanatazama... atasema, "Huyu ni baba."

Nasimiyu, niinue kidogo... hapo. Hapo panatosha.