Kinyaa Nilichoshuka Nacho Melini

Assalamu alaykum, wazee wangu, shikamooni, na nyie kina mama mlioko upande wa pili wa pazia. Katibu wa chama chetu hiki cha kuzikana ameniomba mara tatu nisimame niseme yaliyonifika, na mara tatu nimemkatalia. Leo nimekubali. Atakayesikia tumbo linamcheza atoke taratibu, sitamwona vibaya, maana habari yenyewe inatia kinyaa na mie sijui kuipamba.

Mnanijua, mie ni mpishi wa shughuli. Tangu nyumba za hapa Temeke zilipokuwa za kuhesabu, harusi na hitima nyingi nimepika mimi, bila ujira. Na nilikuwa na majivuno ya usafi, Mungu anisamehe. Nikikuta sufuria ina ukoko wa jana naitupa uani, na mwenye nyumba namsema mbele ya wageni wake. Basi mwaka ule, vile vita vikuu vimekwisha, mahujaji wa huku kwetu wakapata meli, wakatafuta watu wa kujitolea jikoni. Mshahara hakuna, lakini unafikishwa Jeddah na unahiji pamoja na wenzio. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Ndugu zangu, nawaambia, siku niliyoingia jiko la meli ile nilitamani nijitupe majini niogelee kurudi bandarini. Lilikuwa chini kabisa, halina dirisha, joto la makaa linakukaba. Mende wanatembea ukutani mchana kweupe, wala hawamkimbii mtu. Mchele una fukusi. Tunapepeta tangu alfajiri, mikono ikichoka tunaupika na wadudu wake. Halafu kumenya vitunguu gunia zima, halafu kupakua, halafu vyombo. Vyombo vya meli nzima vinaoshwa kwenye pipa moja la maji ya chumvi. Ikifika adhuhuri maji yamekuwa mazito kwa mafuta, ukitia mkono unautoa na utelezi mpaka kwenye kiwiko. Na meli ikianza kuyumba, watu wanatapika kwenye ngazi ile ile tunayopitisha chakula. Umebeba sinia la wali kichwani, mguu unatafuta pa kukanyaga haupapati. Kila siku hivyo.

Hayo ningeyavumilia. Lililonimaliza lilitokea siku ya pili. Mpishi mkuu, mwajiriwa wa meli, alituamuru masinia yakirudi tusimwage kitu. Wali uliofinyangwa na vidole vya watu, mifupa iliyokwisha kufyonzwa, mchuzi wa chini ya sinia, vyote virudi sufuriani. Tunatia maji ya moto na pilipili nyingi, na alasiri tunapakua tena.

Nikamwambia, "Bwana, haya ni makombo."

Akanijibu, "Stoo ni yangu. Kama hutaki, tukifika Aden utashuka."

Nikanyamaza. Kiongozi wa msafara alikuwa juu pale, hatua thelathini haziishi, na sikwenda kumwambia. Niliogopa kuikosa hija. Kwa siku tisa nikapanda ngazi na sinia la makombo, nikawatengea watu waliokuwa safarini kumwendea Mola wao, nikawaambia, "Karibuni, wazee wangu." Mmoja wao alikuwa mzee wa mtaa wetu huu. Yeye hulipokea sinia kwa mikono miwili na kuniombea dua. Nikishuka chini, natapika.

Nikahiji, nikarudi, mkaniita Alhaji. Nikadhani ya meli yamebaki melini. Harusi ya kwanza niliyoalikwa, tumekaa sita kwenye sinia moja, bwana mmoja akalamba vidole vyake kisha akavirudisha kwenye wali. Nikauondoa mkono wangu. Nikasema nimeshiba, nikanyanyuka. Harusi ya pili hivyo hivyo. Hata kwenye misiba yenu nikawa nasema nimeshiba, na nyie mkasema Alhaji anajidai. Upishi nikauacha. Nyumbani nikawa naosha upya kila chombo alichoosha mke wangu, nakula peke yangu nimeelekea ukutani, yai la kuchemsha na ndizi niliyoimenya kwa mkono wangu. Nikakonda. Mke wangu alijua habari ya mende, ya makombo sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Siku moja aliponikuta nakisugua kikombe chake kwa majivu, akasema, "Mie si mende wa meli yako." Akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Kigamboni.

Miaka miwili nikaishi hivyo, mpaka mama yangu akafariki. Mlikuja, mkachimba kaburi, mkamzika, kwa hilo sina la kusema. Siku ya tatu ikawa hitima. Nilijilazimisha nikapika mwenyewe, pilau safi, masinia tisa. Dua ikaisha, masinia yakatengwa mkekani, na nyie, msiiname hivyo, wengi mmo humu, mkanyanyuka mmoja mmoja. "Tumeshiba, Alhaji." "Mola amrehemu mama, tumeshiba." Mkavaa viatu. Nikabaki na masinia tisa yanafuka moshi na mkeka hauna mtu. Chakula cha hitima ya mama yangu hakikuguswa, na kosa lilikuwa langu. Nilijichukia, nawaambieni kweli.

Alibaki mtu mmoja, yule mzee tuliyesafiri naye. Akanawa, akajivutia sinia, akaanza kula.

"Njoo, mwanangu."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi nini?"

Nikamwaga yote. Nikamwambia chakula cha alasiri melini kilikuwa makombo, nilijua, na nilikitenga mbele yake siku tisa.

Hakuacha kutafuna. Akasema, "Nilijua. Siku moja nilikuta kwenye mchuzi ganda la ndimu nililolitafuna mwenyewe mchana. Lina alama za meno yangu. Mie mbele nimebakiwa na matatu, ningeyasahau vipi?"

Nikamuuliza, "Na ukala?"

"Njaa, baba. Na hasira nilikuwa nazo, usidhani sikuwa nazo. Nikangoja uniambie. Leo umeniambia. Sasa kaa, pilau inapoa."

Akafinyanga tonge kwa mkono wake, akanitia mkononi. Sitawadanganya, tonge la kwanza lilinirudi, nikakimbilia uani. Nikarudi nikakaa. La pili nikalimeza na machozi. La tatu nikasikia chumvi imezidi, na hapo nikajua kwamba nimeanza kula. Mzee akainuka, akapita mlango kwa mlango kuwarudisha. Mlirudi watano tu, lakini mlirudi.

Nawashukuru hao watano. Namshukuru mke wa mzee, aliyevuka Kigamboni akamleta mke wangu. Na mzee mwenyewe namshukuru mbele yenu, ingawa saa hii ananikataza kwa macho. Sikupona siku moja. Hata leo mtu akilamba vidole tumbo linanigeuka, ila sinyanyuki. Nawaomba jambo moja: ukijua chakula cha watu kina uchafu, sema kabla hakijapakuliwa. Ningeshushwa Aden, ningelia siku mbili nikasahau. Nilinyamaza, nikapoteza nyumba yangu na nyie wote.

Sasa nieleze kwa nini nilimkatalia katibu. Humu ndani mpo wengine watatu mliokuwa kwenye meli ile, na leo ndiyo mara ya kwanza mnasikia nilichowalisha. Siwaombi mseme mmenisamehe. Jikoni kuna pilau, nimepika mimi, na mlango wa jikoni uko wazi, aendaye akaangalie. Nitatenga sinia moja hapa katikati, nitatia mkono wa kwanza mwenyewe mkiniona, halafu nitawangoja nyie watatu.